Mti wa Ramsfelden Darajani

Leonhard Aigner alikuwa amejipaka povu la kunyolea shavu moja tu simu ya kazini ilipolia. Alikuwa akipigiwa kutoka kituo cha pamoja, ambacho polisi wa Bavaria, huko Ujerumani, na wa Austria hukitumia kupashana habari za ng'ambo zote mbili za mto. Sauti ya mwanamke ilimweleza kwa utulivu kwamba genge la watu wapatao ishirini limeiba mali yenye urefu wa mita thelathini katika kijiji cha Ramsfelden, limeifunga nyuma ya trekta, na sasa linaelekea daraja la mto Salzach kwa nia ya kuvuka mpaka. Magari ya Austria yalikwisha kuamriwa kuziba upande wa pili. Leonhard na mwenzake wa doria ya pamoja walitakiwa waende bila kukawia.

Leonhard aliuliza ni mali gani, ingawa moyo wake ulikuwa umekwisha kumjibu.

"Mti," ilisema sauti. "Mtoa taarifa anasema umechongwa na kupakwa rangi nyeupe na buluu." Kisha ikauliza kwa adabu kama nyumba ya mtoa taarifa haikuwa ile ile ya kwake, Sajini Aigner mwenyewe.

Leonhard aliketi kwenye ukingo wa bafu, povu likimchuruzika hadi kwenye ukosi.

Hakukuwa na mtoto wa Ramsfelden asiyejua mti huo ni nini. Ulikuwa mti wa Mei, utakaosimamishwa mbele ya kanisa siku ya kwanza ya mwezi kwa matarumbeta na nguvu za wanaume. Mpaka siku hiyo hulazwa ghalani na kulindwa, kwa kuwa vijiji jirani vina haki ya kuuiba, na haki hiyo ni kongwe kuliko mpaka wenyewe. Aliyeibiwa huwafuata wezi kwa upole, huwanunulia bia na nyama, na hurudishiwa mti wake kwa nyimbo. Sheria zake ni chache, na hakuna aliyewahi kuziandika. Mtu wa kijiji akiugusa mti kwa mkono kabla haujatoka katika ardhi ya kijiji, wezi huuacha na kwenda zao. Ukishatoka, huwa mateka. Hapigwi mtu. Na juu ya yote hayo, polisi haitwi. Kijiji cha Moosgrub kiliwahi kumwita polisi enzi za babu yake Leonhard, na hadi leo bendi ya Moosgrub ikipita katika gwaride, watu huigiza king'ora kwa midomo.

Jikoni alimkuta Koplo Frauke Petersen amesimama wima katika sare kamili, kofia kwapani. Frauke alitoka pwani ya kaskazini kabisa, karibu na Denmark, na alikuwa amepanga chumba cha juu nyumbani kwao tangu majira ya baridi. Kwao mti ukiibwa huwa umeibwa. Aliamka alfajiri, akafungua dirisha, akaona wanaume wakiuburuta mti kutoka ghalani, akafanya alichofundishwa.

Walburga, mke wa Leonhard, alikuwa ameshika birika la kahawa bila kummiminia mtu yeyote.

"Frauke, mwanangu," alisema taratibu, "hukuona kwamba walikuwa wanaimba?"

"Niliona, mama. Niliwaambia hata kituoni. Wezi wanaimba."

"Na hilo halikukushangaza?"

"Lilinishangaza sana. Nilidhani wamelewa, kwa hiyo nikaongeza kosa la kuendesha trekta kwa ulevi."

Leonhard alimuuliza kwa nini hakumwamsha yeye kwanza, aliyelala chumba cha chini tu. Frauke alijibu kwamba kanuni zinataka taarifa ianze kituoni, na kwamba ni Sajini Aigner mwenyewe aliyemfundisha hivyo, tena mara mbili. Alikuwa mtu wa kanuni kwa maisha yake yote, na sasa kanuni zake zilikuwa zimesimama mbele yake zikiwa na kofia kwapani.

Hapo mlango wa nyuma ulifunguka, akaingia Mzee Korbinian, baba yake Walburga, mabua ya nyasi kavu yamemshika begani. Ndiye aliyekuwa na zamu ya alfajiri ghalani. Alikuwa ameiomba zamu hiyo kwa wiki nzima, kwa maana tangu alipofiwa na mkewe hakuna aliyemwomba msaada wa jambo lolote, na Sixtus Obermeier, kiongozi wa wanaume wa mti, alimpa saa ambayo aliamini hakuna mwizi angekuja. Mzee alikiri kwamba alifumba macho kidogo tu.

"Kidogo cha kutosha mita thelathini kupita," alisema Walburga.

Mzee hakuonekana kuumia sana. Kuibiwa mti si aibu kubwa. Utachekwa mwaka mmoja, utanunua bia, yataisha. Tayari alikuwa akikadiria kwa sauti ni mapipa mangapi Waaustria watayataka. Ndipo mkwe wake alipomweleza, kwa maneno machache, kwamba polisi wa nchi mbili wanawafuata wezi, na kwamba simu ilitoka chini ya paa hili hili.

Korbinian alishika egemeo la kiti, akakivuta, akaketi.

"Basi mimi si mtu wa Ramsfelden tena," alisema. "Sixtus hatanisalimu. Nitazikwa na watu wa Moosgrub."

*

Mwenzake Leonhard wa doria, Inspekta Rupert Mayrhofer wa Austria, alikuwa akimngoja kwenye njia panda, injini ikiunguruma. Rupert alikuwa mnene na mpole, mzaliwa wa Auerkirchen, kijiji kinachotazamana na Ramsfelden ng'ambo ya mto. Mkataba wa doria ya pamoja unasema kwamba afisa aliye katika nchi yake ndiye kiongozi, na mgeni ni msaidizi. Kwa hiyo kila wavukapo daraja, wakifika katikati, wawili hao hubadilishana ukubwa bila hata kupunguza mwendo. Mwenye ukubwa ndiye anunuaye kahawa, na ndiyo sababu Rupert huendesha gari polepole anapoelekea kwao.

Asubuhi hiyo hakuna aliyezungumzia kahawa. Frauke alipanda kiti cha nyuma, wakaondoka.

"Nakuuliza kama jirani, si kama afisa," alisema Rupert, macho yakiwa barabarani. "Nani alipiga simu?"

"Nyumba yangu."

Rupert alipiga kona mbili kabla ya kusema tena. "Anayeendesha trekta ni shemeji yangu Engelbert."

"Najua."

"Trekta ni langu."

"Hilo sikulijua."

"Na kamba pia."

Frauke aliinama mbele kati ya viti. "Samahani, afande. Kwa hiyo Inspekta ana mgongano wa maslahi."

"Binti yangu," alisema Rupert, "kando ya mto huu hakuna asiye na mgongano wa maslahi. Mke wangu kazaliwa Ramsfelden. Mimi nalala na mgongano wa maslahi kila siku."

Redio ya gari iliita. Kituo kilitaka kujua kama helikopta inahitajika. Leonhard alijibu kwamba haihitajiki, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake mrefu aliomba moyoni mashine ya serikali iharibike.

*

Daraja la Salzach ni jembamba, na mti ulikuwa umelijaza. Shina lake, nene kama pipa, lilikuwa limefungwa juu ya tela la mbele na limekwisha kupita kile kibao cha chuma katikati ya daraja kinachoonyesha mpaka. Kilele chake, chenye riboni, kilikuwa bado Bavaria, juu ya magurudumu ya nyuma. Upande wa Austria magari mawili ya polisi yalizungusha taa zake za buluu. Upande wa Bavaria lori la maziwa lilikuwa limekwama, nyuma yake gari la mikate, na nyuma yake watu waliochelewa kazini, ambao walishuka na kuanza kupiga picha kwa simu. Wanaume wa Auerkirchen walikuwa wameketi kwenye kingo za daraja katika kaptura zao za ngozi, na hakuna aliyekuwa akiimba.

Engelbert alishuka kwenye trekta na kuvua kofia. Leonhard angefurahi kama angetukanwa.

"Bwana Aigner," alisema Engelbert, "tumewaibia, na ninyi mmetuibia desturi yenyewe. Baba yangu alikunywa bia ya baba yako kwa ajili ya mti, na baba yako akanywa ya baba yangu. Sikudhani siku moja nitawekewa taa za buluu mbele ya watu wa maziwa."

Frauke, ambaye alihisi kuna jambo limekwenda mrama lakini hakujua ni lipi, aliuliza nani ni mkuu wa operesheni, ili aripoti kwake. Swali lilikuwa la haki. Leonhard alimtazama Rupert, Rupert akakitazama kibao cha mpaka kilichokuwa kati ya miguu yao.

"Shina liko kwako," alisema Leonhard.

"Kilele kiko kwako," alisema Rupert. "Na aliyeibiwa yuko kwako. Na simu ilitoka kwako. Mimi naona wewe ni mkubwa sana leo."

Wakati wakisukumiana ukubwa huo ambao siku nyingine hugharimu kahawa tu, umati wa upande wa Bavaria uligawanyika, na Mzee Korbinian akatokea juu ya baiskeli ya Walburga, ile yenye kikapu cha sokoni mbele, akihema. Nyuma yake gari la mizigo la Sixtus Obermeier lilisimama, limejaa wanaume wa Ramsfelden waliosikia habari za wizi lakini, kwa rehema ya Mungu, hawakuwa wamesikia za simu. Korbinian aliiacha baiskeli ianguke. Alipita kando ya lori la maziwa, akafika kwenye kilele, akaweka kiganja chake juu ya mti uliochongwa.

"Mti huu unabaki," alisema.

Hayo ndiyo maneno ya desturi, wala hakuna mengine. Swali lilibaki moja tu, kama mti ulikuwa bado katika ardhi ya Ramsfelden, na ardhi ya Ramsfelden inaishia katikati ya mto. Frauke, aliyesikia swali hilo likibishaniwa, aliona kwamba hatimaye ameombwa kitu anachokijua. Alichukua garini utepe wa kupimia ajali, akapiga goti kwenye kibao, akapima, akasimama, akatangaza kwa sauti ya kituoni kwamba sehemu kubwa ya mti imo Austria, lakini mahali ulipo mkono wa mzee ni Bavaria pasipo shaka yoyote.

Watu wa Auerkirchen walitazamana. Mkono ni mkono. Engelbert, ambaye hakuwahi kuvunja sheria ya mti, aliinama na kuanza kulegeza kamba. Watu wa Ramsfelden walipiga mayowe ya furaha, na Sixtus alimpiga mzee mgongoni kwa nguvu nyingi, akawaambia wote walio karibu kwamba yeye ndiye aliyempangia huyu mzee zamu ya alfajiri, kwa kuwa alimjua ni mtu wa namna gani.

Uso wa Korbinian ulikuwa umefunguka. Leonhard hakuwa amemwona hivyo tangu mazishi ya mama mkwe wake. Naye Rupert alimsogelea Leonhard hadi mashavu yao yakakaribia kugusana.

"Trekta lile ni langu," alinong'ona. "Linazimika hovyo. Lilizimika darajani. Sisi tulikuwa tunapita tu kwenye doria. Wenzangu wale kule nitawafunga midomo mwenyewe. Umenielewa? Mti umerudi, mzee ana heshima yake, hakuna aliyempigia mtu simu."

Leonhard alielewa vizuri sana. Ulikuwa uongo mwepesi, usiomdhuru mtu, na ungemrudishia baba mkwe wake kijiji kizima. Pengine angeuacha upite bila yeye kuusema, kwa kunyamaza tu. Lakini mzee hakuwa mjinga. Aliziangalia zile taa za buluu, kisha akageuza kichwa, kiganja chake kikiwa bado juu ya mti.

"Leonhard, mwanangu. Hawa walisimama wenyewe, au walisimamishwa?"

Rupert alianza kuutazama mto kana kwamba hajawahi kuuona. Sixtus alicheka na kusema kwamba hilo si neno la kuulizwa sasa. Leonhard alishika pindo la fulana yake ya kung'aa, akalivuta likanyooka.

"Walisimamishwa, baba," alisema. "Polisi waliitwa. Simu ilitoka nyumbani kwetu."

Hakumtaja Frauke. Frauke, aliyekuwa akikunja utepe wake, aliacha kuukunja.

Mzee Korbinian aliutazama mkono wake juu ya mti, kisha akauinua, akautia mfukoni.

"Basi si mimi niliyewafikia," alisema. "Ni gari la polisi. Funga kamba zako, Engelbert. Mti ni wenu."

Hakuna mtu wa upande wowote aliyewahi kuona jambo kama hilo, na kwa hiyo hakuna aliyejua afanye uso gani. Engelbert alibaki na kamba mkononi. Wa kwanza kupata sauti alikuwa Sixtus.

"Mzee, umepungukiwa? Mti ulikuwa mkononi mwako." Alimgeukia Leonhard, akamrudia mzee, sura imemwiva. "Umepoteza mti mara mbili kabla hatujanywa kahawa. Na polisi mmeita ninyi. Usije kwetu tena. Kaa na mkweo mcheze na king'ora."

Korbinian aliiokota baiskeli ya binti yake, akaondoka akiisukuma. Watu wa lori la maziwa walimpisha.

*

Ikabaki kazi ya polisi. Leonhard alirudi kwenye gari na kuita kituo.

"Mali imepatikana?" kiliuliza kituo.

"Imepatikana."

"Imerudishwa kwa wenyewe?"

"Wenyewe wameikataa."

Redio ilikoroma kidogo. "Na washukiwa?"

"Tunawasindikiza nyumbani."

"Mnahitaji msaada zaidi?"

Leonhard aliwatazama wanaume wa Auerkirchen, lori la maziwa, na Frauke aliyesimama peke yake kwenye kibao cha mpaka. "Msaada umetosha," alisema.

Maana mzigo wa mita thelathini hauruhusiwi kupita barabara kuu ya Austria bila polisi mbele na nyuma, na hilo lilikuwa kweli hata kabla ya wizi. Kwa hiyo magari mawili ya Austria yaligeuka na kutangulia, trekta la Rupert likafuata na mti wa Ramsfelden, na doria ya pamoja ikafunga msafara, taa zikizunguka. Walipokipita kibao, Rupert alisema kwa unyonge kwamba sasa mkubwa ni yeye. Mahali fulani karibu na makaburi ya Auerkirchen wezi walipata tena ujasiri, wakaanza kuimba.

*

Siku zilizofuata zilikuwa za vitu vidogo. Mwoka mikate alimpa Walburga mkate wake bila kumtazama, na bila yale maandazi yaliyovunjika ambayo humtilia bure. Watoto walipita mbele ya nyumba wakilia kama king'ora. Mtu alifunga taa ya buluu ya kuchezea kwenye lango lao, na Leonhard aliifungua, akaiweka kituoni pamoja na vitu vilivyookotwa, kwa kuwa ilikuwa mali ya mtu. Korbinian hakutoka. Aliketi jikoni akimenya viazi, vingi kuliko ambavyo nyumba ingeweza kula, na Walburga akavipika vyote.

Frauke alishuka jioni moja na mkoba wake umefungwa. Alisema ameomba uhamisho, kwamba ameleta hasara ambayo hakuikusudia, na kwamba bado, akifikiri vizuri, haoni angefanya nini tofauti.

"Hata mimi sioni," alisema Korbinian. "Uliona wezi, ukaita polisi. Wewe ni mgeni wa nyumba hii, na mgeni wa nyumba hii haondoki kwa sababu ya midomo ya watoto. Rudisha mkoba juu. Ukimaliza, njoo umenye. Unakata maganda manene, lakini utajifunza."

Kwa upande wa pili, Sixtus alikwenda Auerkirchen na wanaume wawili kuukomboa mti, kama desturi ilivyo, akarudi mikono mitupu. Alikwenda tena, ikawa hivyo hivyo. Engelbert aliwakaribisha vizuri, akawapa jibini na soseji, akawaambia kwamba hapatani na mtu yeyote isipokuwa yule mzee aliyeondoa mkono wake. Siku ya kwanza ya Mei ilikuwa inakaribia, na shimo mbele ya kanisa lilikuwa tupu.

Hivyo Sixtus Obermeier alikuja mlango wa nyuma wa nyumba ya Aigner, kofia mkononi. Walburga alimsikiliza mpaka mwisho, asimwambie aketi. Kisha alimwambia kwamba baba yake ana kazi, na kweli alikuwa nayo, ndoo nzima. Sixtus alisimama pale mpaka kiazi cha mwisho.

Kisha mzee akakubali kwenda naye. Yaliyosemwa Auerkirchen hayakuwa marefu. Engelbert alitaka bia na nyama ya nguruwe ya kuoka kwa kijiji chake chote, na hakuna aliyepinga. Bali kwa ile simu alitaka zaidi. Aliyeita polisi atawahudumia watu wote siku ya karamu, kwa mikono yake, mwanzo hadi mwisho, ili kila mtu amwone. Sixtus alikubali haraka. Korbinian alikataa.

"Aliyepiga simu alikuwa mgeni wangu," alisema, "na alipiga kwa sababu mimi nililala. Kama ni kuhudumia, nitahudumia mimi."

Engelbert alimwonya kwamba watu ni wengi, na vikombe vya udongo vya lita ni vizito. Mzee alisema anavijua vikombe hivyo. Alivibeba kabla Engelbert hajazaliwa. Wakapeana mikono.

*

Mti ulirudi Ramsfelden Jumamosi adhuhuri, kwa matarumbeta, na doria ya pamoja nyuma yake. Meza ndefu zilipangwa katika ua wa baa ya kijiji: za Auerkirchen upande wa ukuta, za Ramsfelden upande wa kisima. Korbinian alijifunga aproni nyeupe juu ya kizibao chake cha Jumapili. Alianza kubeba. Vikombe vitatu mkono huu, vitatu mkono ule, kisha sahani za nyama, kisha madonge ya mkate aliyopika Walburga, kisha vikombe tena. Alimhudumia kila mtu kwa jina aliyemjua na kwa "bwana" asiyemjua. Mwanzoni watu walicheka na kuigiza king'ora kila alipopita. Alipofika duru ya tatu, hakuna aliyekuwa akicheka, kwa kuwa mikono yake ilikuwa inatetemeka na bado hamwagi.

Frauke alikuwa amesimama langoni, kazini, kando ya Leonhard. Alimuuliza kama zamu yake imekwisha. Leonhard aliitazama saa yake, ilikuwa bado. Aliitazama tena.

"Mkubwa hapa ni mimi," alisema. "Imekwisha."

Frauke alivua kofia, akampa, akaenda moja kwa moja kwenye pipa na kushika vikombe vinane, jambo ambalo huko pwani ya kaskazini pengine ni la kawaida. Alivitua mbele ya Engelbert.

"Mimi ndiye niliyepiga simu," alimwambia. "Mkate unataka?"

Engelbert alimtazama, akamtazama mzee aliyekuwa akirudi na sahani, akasema anataka, na haradali pia.

Watu wote walipokuwa wameshiba, Korbinian alifungua aproni na kutafuta pa kukaa. Mabenchi ya Ramsfelden yalikuwa yamejaa. Alisimama nyuma ya wanaume aliowajua tangu walipokuwa wakibatizwa, na migongo yao ilikuwa mipana. Ng'ambo ya ua, Engelbert alisogea, akapapasa benchi kwa kiganja.

"Njoo kwetu, mzee," aliita. "Kwetu kuna nafasi."

Korbinian alivuta pumzi, akageuka kwenda huko. Alikuwa amekwenda hatua chache tu wanaume wa Ramsfelden walipoelewa wanachokaribia kuonwa wakikifanya mbele ya Waaustria. Wote wakasogea kwa mpigo mmoja, kutoka upande wa kisima hadi mwisho wa benchi, kwa haraka na kwa nguvu zote, kama watu wanaousimamisha mti. Nafasi ilipatikana, kubwa ya kutosha watu wawili. Na pale mwisho wa benchi, Sixtus Obermeier, ambaye hakuwa ameelewa upesi kama wengine, alitua juu ya changarawe na kikombe chake mkononi.

Korbinian alirudi, akaketi kwa watu wake, akanyoosha miguu. Wakamwita Frauke akae naye, nafasi ikaisha. Sixtus alijikung'uta, akalitazama benchi kutoka mwanzo hadi mwisho, akalitazama tena. Na siku hiyo kiongozi wa wanaume wa mti alimaliza bia yake akiwa amesimama.